Karatasi ya Mpango wa Kujifungua: Ilitoka Wapi, na Kwa Nini Uiandike Hata Ukitaka Kuzalia Nyumbani

Ni mimi muuguzi wenu wa jamii.

Leo tutazungumza juu ya karatasi. Fungua kitabu chako cha kliniki, utaona mahali pa kuandika mpango wa kujifungua: tarehe unayotarajia, mahali utakapojifungulia, mtu wa kukusindikiza, usafiri, pesa, na mtu wa kukutolea damu. Akina mama wengi hupapita hapo haraka. Wengine wameniambia, "Sista, hiyo ni ya wale wanaokwenda hospitali. Mimi nazalia nyumbani kama mama yangu. Sasa nipange nini?"

Ni swali zuri, na jibu lake limo katika historia. Mistari ile haikuandikwa na mtu aliyekaa ofisini akafikiria maneno ya kujaza ukurasa. Kila mstari umewekwa pale kwa sababu kuna wanawake walikufa ulipokosekana. Tuufuate tangu mwanzo.

MPANGO WA BIBI ZETU

Tusidhani kwamba bibi zetu walizaa bila mpango. Hapa Pwani, katika nyumba nyingi, binti mwenye mimba ya kwanza alirudi kwa mama yake siku zilipokaribia. Mkunga alijulikana mapema. Baada ya kujifungua, mama alikaa ndani siku arobaini, akipikiwa uji na kukandwa kwa maji ya moto, huku kazi za nyumba zikifanywa na wengine.

Angalieni vizuri. Mahali pamejulikana, msaidizi amejulikana, na wa kumtunza mama amejulikana. Huo ni mpango kamili, ila haukuandikwa. Tena ulikuwa na jambo ambalo hospitali zilichelewa kulijifunza: mama asiachwe peke yake katika uchungu.

Lakini ulikuwa na pengo moja. Haukuwa na njia ya kutoka. Damu ilipotoka bila kukoma, au mtoto alipolala vibaya tumboni, hapakuwa na pa kumpeleka mama. Watu walimwomba Mungu, wakangoja.

Hospitali za uzazi zilipoanza nchini, zilikuwa chache na za mjini. Nyumba ya uzazi iliyoitwa kwa jina la Lady Grigg, mke wa gavana wa wakati huo, ilianzishwa Nairobi mwaka 1926. Ndiyo leo Hospitali ya Uzazi ya Pumwani. Ilisaidia wengi, lakini mama aliyekuwa mashambani, mwendo wa siku nzima kutoka barabarani, aliendelea kuzaa kama bibi yake alivyozaa.

WEMBE MPYA NA UZI SAFI

Mwaka 1978 mataifa yalikutana Alma-Ata, mji uliokuwa katika Muungano wa Kisovieti. Yakakubaliana kwamba huduma ya afya ya msingi ifikishwe karibu na watu, na kwamba wahudumu wa jadi nao wanaweza kushirikishwa wakifunzwa. Baada ya hapo nchi nyingi, Kenya ikiwemo, ziliwafunza wakunga wa jadi. Walifundishwa kunawa mikono kwa sabuni, kutumia wembe mpya na uzi safi, na kutopaka kitovu samadi wala majivu.

Jambo hili liliokoa watoto. Wazee wanaukumbuka ugonjwa wa pepopunda. Mtoto huzaliwa mzima na kunyonya vizuri. Kisha siku ya sita au ya saba anashindwa kunyonya, taya linakaza, na mwili unakakamaa. Chanjo ya mama, wembe safi na kuongezeka kwa kujifungua hospitalini vilipunguza vifo hivyo, hata mwaka 2018 Kenya ikathibitishwa kuwa imeutokomeza ugonjwa huu wa watoto wachanga kama tatizo la afya ya umma. Kwa hiyo wembe ulioandikwa katika mpango wako una watoto wengi nyuma yake.

Lakini wembe haukuweza kuzuia damu. Mkunga wa jadi aliyefunzwa vizuri bado hakuwa na dripu, wala sindano ya kukaza mji wa mimba, wala damu ya kumwongezea mama. Jambo hilo lilichukua miaka mingi kukubaliwa.

KARATASI YA MAREKANI, 1980

Sasa tuvuke bahari kidogo, kwa sababu karatasi yenyewe ya mpango wa kujifungua ilianzia huko. Kufikia miaka ya 1970 karibu wanawake wote wa Marekani walikuwa wakijifungulia hospitali. Shida yao ilikuwa nyingine. Hospitali nyingi ziliwanyoa, zikawapiga bomba la tumbo na kuwaongezea njia kwa mkasi bila hata kuwauliza. Mwaka 1980 mwalimu wa akina mama wajawazito, Penny Simkin, pamoja na Carla Reinke, walitoa kijitabu cha kumsaidia mama kupanga kuzaliwa kwa mtoto wake. Mama aliandika anachotaka na asichotaka, akampa mkunga au daktari wake kabla ya siku kufika.

Karatasi ile ilikuwa sauti ya mama. Aliiandika akiwa mtulivu, kwa sababu katika uchungu mtu hawezi kujadiliana. Likumbuke neno hilo, tutalirudia.

NAIROBI, FEBRUARI 1987

Hapa kwetu mpango wa kujifungua uliingia kwa mlango mwingine. Mwaka 1985 wataalamu wawili, Allan Rosenfield na Deborah Maine, waliandika katika jarida la The Lancet wakiuliza: katika huduma tunayoiita ya mama na mtoto, mama yuko wapi? Maana kliniki zilikuwa zikipima watoto na kuwachanja, huku mama anayekufa akijifungua hahesabiwi.

Miaka miwili baadaye, Februari 1987, mkutano mkubwa wa kimataifa ulifanyika hapa Nairobi. Ulielezwa kwamba wanawake wapatao 500,000 duniani walikuwa wakifa kila mwaka kwa sababu ya mimba na uzazi, karibu wote katika nchi maskini. Hapo ndipo kampeni ya uzazi salama ilipozinduliwa, katika mji wetu wenyewe.

Mwanzoni wengi walidhani dawa ni kuwachuja akina mama kliniki. Mfupi sana apelekwe hospitali, mwenye mimba ya kwanza apelekwe, aliyezaa mara nyingi apelekwe. Waliobaki waliambiwa hawana hatari. Lakini damu haikusoma orodha hiyo. Wanawake warefu, wenye afya, waliokwisha kuzaa salama mara mbili au tatu, nao walivuja damu wakafa. Wataalamu walipokutana tena Colombo, Sri Lanka, mwaka 1997, ujumbe ulikuwa umebadilika: kila mimba ina hatari, na kila mama anahitaji mhudumu mwenye ujuzi wakati wa kujifungua.

KUCHELEWA MARA TATU

Mwaka 1994 Deborah Maine niliyemtaja, pamoja na mwenzake Sereen Thaddeus, walieleza vizuri kinachomuua mama ambaye angeweza kupona. Walisema ni kuchelewa, tena mara tatu.

Kwanza, watu wa nyumbani wanachelewa kuamua. Wanasema tungoje kidogo, au tumngoje baba. Pili, baada ya kuamua, wanachelewa njiani: hakuna gari, hakuna pesa, mto umejaa. Tatu, wakifika hospitali, huduma inachelewa: mhudumu hayupo, damu hakuna, vifaa havitoshi.

Sasa mama, tazama tena ule ukurasa wa kitabu chako. Mtu wa kukusindikiza na mtu wa kuamua, hapo tunapambana na kuchelewa kwa kwanza. Usafiri na pesa, hapo ni kwa pili. Mahali utakapokwenda na mtu wa kukutolea damu, hapo ni kwa tatu. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 mpango huu uliingizwa katika huduma ya kliniki ya wajawazito hapa Kenya, nasi wauguzi tukafundishwa kuujaza pamoja na kila mama.

MSTARI NILIOURUKA

Nami niliwahi kuruka mstari. Nawaeleza ili msiuruke ninyi.

Ilikuwa miaka yangu ya mwanzo kazini, katika zahanati moja ya mashambani. Alikuja mama mwenye mimba ya nne. Wale watatu wa kwanza alikuwa amewazalia nyumbani salama. Akaniambia na huyu atamzalia nyumbani, mkunga wake ni yuleyule. Nje foleni ilikuwa ndefu na jua kali. Nilimshauri aje zahanati, akacheka kwa upole. Basi kwenye ukurasa wa mpango nikaandika neno moja, "Ameelezwa," nikaweka alama ya vema, nikaita anayefuata.

Alijifungua saa mbili usiku, mtoto wa kike, mzima. Kondo la nyuma likatoka. Kisha damu haikukoma. Mkunga wake alisema mapema kwamba apelekwe. Pikipiki ya jirani ilikuwa nje, na wakati huo kujifungua katika hospitali za serikali kulikuwa tayari ni bure. Lakini mume alikuwa mjini, ni bawabu wa usiku, na simu yake ilikuwa imezima. Mama mkwe akasema hawezi kumtoa mke wa mwanawe usiku bila ruhusa yake. Wakapiga simu, wakapiga tena. Wakamtafuta shemeji, naye hakupatikana.

Walinifikia saa tisa za usiku. Nilimtundikia dripu, nikampa sindano, nikaita gari la wagonjwa. Alifariki njiani, kabla ya kufika hospitali kubwa.

Mume alifika asubuhi. Aliniuliza swali moja tu: "Sista, kwani ningekataa?"

Mama mkwe yule hakuwa mtu mbaya. Aliogopa, na hakuna aliyekuwa amemuuliza mapema. Kilichokosekana ni mstari mmoja: "Mume wangu asipopatikana, anayeamua ni fulani." Nilipokifungua kitabu cha marehemu, niliona mwandiko wangu mwenyewe. Tangu siku hiyo sijaandika tena "Ameelezwa."

JE, WENZETU WANAOZALIA NYUMBANI HUFANYAJE?

Huenda umesikia kwamba hata Uingereza na Uholanzi wako wanawake wanaozalia nyumbani. Ni kweli. Lakini mkunga wao amesomea kazi hiyo. Huja na dawa ya kuzuia damu na kifaa cha kumsaidia mtoto kupumua, na gari la wagonjwa huitwa kwa simu. Tena mama mwenye presha, mapacha au kovu la upasuaji hushauriwa kwenda hospitali.

Hata hivyo, utafiti mkubwa uliochapishwa Uingereza mwaka 2011 ulionyesha jambo la kufikirisha. Kati ya kila wanawake 100 wenye mimba ya kwanza waliopanga kuzalia nyumbani, wapatao 45 walihamishiwa hospitali wakati wa uchungu au mara tu baada ya kujifungua. Kwa waliokwisha kuzaa, walikuwa wapatao 12. Na hao wote walikuwa wamechaguliwa kwa sababu hawakuwa na tatizo lolote.

Unaona basi? Mpango wa kuzalia nyumbani, hata kwa wenye kila kitu, ni mpango wa safari. Tahadhari kabla ya hatari.

Hapa kwetu njia imefunguka zaidi kuliko zamani. Mwaka 2007 ada ya kujifungua iliondolewa katika zahanati na vituo vya afya vya serikali, na Juni 2013 ikaondolewa katika hospitali zote za serikali. Mwaka 2017 ukaja mpango wa Linda Mama chini ya NHIF, na tangu Oktoba 2024 bima ya afya imehamia SHA. Kwa hiyo jiandikishe SHA mapema, uulize kliniki yako ni huduma gani zinalipiwa. Mwaka 2003 wanawake 40 tu kati ya 100 walijifungulia hospitali au zahanati. Mwaka 2022 walifika 82. Lakini sensa ya 2019 bado ilionyesha vifo 355 vya akina mama kwa kila watoto 100,000 wanaozaliwa hai. Kazi haijaisha.

TUANDIKE SASA

Ushauri wangu hauna maficho: jifungulie mahali penye mhudumu mwenye ujuzi. Na kama ni mimba ya kwanza, au umri wako ni mdogo, au una mapacha, presha, kovu la upasuaji, virusi vya ukimwi, au uliwahi kuvuja damu, basi usipange kabisa kuzalia nyumbani. Lakini uchungu huweza kuja ghafla usiku wa mvua. Kwa hiyo kila mama aandike mistari hii saba, hata yule aliyekwisha kuamua kwenda hospitali.

1. Mahali. Andika zahanati iliyo karibu, na pia hospitali yenye upasuaji na damu. Andika mwendo ni wa muda gani mchana na usiku.

2. Mwamuzi. Andika watu wawili wanaoweza kusema "Twende" bila kumngoja mtu mwingine. Mume aseme hivyo mbele ya mama mkwe na mkunga, ukiwa bado mzima.

3. Usafiri. Andika majina na nambari za simu za waendeshaji wawili wa bodaboda au gari. Zungumza nao mapema juu ya safari ya usiku na malipo yake.

4. Pesa. Weka kidogo kidogo, katika simu au katika chama, na mtu wa pili ajue jinsi ya kuzipata.

5. Damu. Andika watu wawili walio tayari kutoa damu.

6. Vifaa. Sabuni, wembe mpya ambao haujafunguliwa, uzi safi wa kufungia kitovu, glavu, leso safi mbili au tatu za kumkausha na kumfunika mtoto, tochi, na kitabu chako cha kliniki. Viweke katika mfuko mmoja. Ukienda hospitali utaubeba huohuo. Mtoto akizaliwa kabla hujatoka, mkausheni, mlazeni kifuani pa mama ngozi kwa ngozi, anyonye ndani ya saa ya kwanza. Msivute kitovu kulazimisha kondo litoke. Kisha nendeni zahanati mara moja, hata kama wote wawili wanaonekana wazima.

7. Dalili za kuondoka papo hapo. Damu kutoka kabla ya kujifungua, au nyingi baadaye, kichwa kuuma sana au macho kuona ukungu, kifafa, homa, chupa kupasuka bila uchungu kuanza, uchungu kupita saa 12, mkono, mguu au kitovu kutangulia, kondo kukaa zaidi ya nusu saa, mtoto kuacha kucheza tumboni, au kuzaliwa bila kulia. Msingoje ya pili, hata moja inatosha. Mama anayevuja damu baada ya kujifungua anaweza kufariki ndani ya saa mbili.

Ukimaliza, usiufungie mpango ndani ya sanduku. Usomeni kwa sauti nyumbani, wote wakiwepo, na mkunga wa jadi awepo pia. Mpeni heshima yake, mwombeni awe wa kwanza kusema "Twende" na awe msindikizaji wako hadi wodini. Asiyejua kuandika amwombe mhudumu wa afya wa kijiji amwandikie.

Bibi zetu walipanga mahali, msaidizi na matunzo. Akina mama wa Marekani wakaongeza sauti ya mama iliyoandikwa mapema. Waliokufa, wakahesabiwa pale Nairobi, wametuachia njia ya kutoka. Ukiandika mistari yako saba umeviweka vyote pamoja.

Yule mtoto wa kike nilimchanja mimi mwenyewe mpaka akamaliza chanjo zake. Bibi yake ndiye aliyekuwa akimleta. Siku moja alikuja na binti yake mwingine, mja mzito, akafungua kitabu kwenye ule ukurasa, akaniambia, "Sista, leo andika yote. Mimi nimekaa hapa, sina haraka."

Nami nikaandika yote, na foleni ikangoja.

Hadi tutakapokutana tena, mama, jitunze. Kwaheri.

Maswali ya kuzungumza katika kikundi:

1. Katika nyumba yenu, nani ana ruhusa ya kusema "Twende" usiku wa manane?

2. Kati ya kuchelewa kule kutatu, ni kupi kunatokea zaidi kijijini kwenu, na chama chenu kinaweza kufanya nini?

3. Mkunga wa jadi wa kwenu anaweza kushirikiana vipi na zahanati?